Tunasubiri aongee, kidole hatukiangalii

Mtoto ana miaka miwili na miezi kadhaa. Akipewa simu anahesabu kwa Kiingereza mpaka ishirini, anataja rangi, anaimba alfabeti yote kwa lafudhi ya Kimarekani ambayo hakuna mtu mwingine pale nyumbani anayo. Wageni wanapiga makofi. "Huyu ni wa shule za kimataifa," wanasema, na mama anatabasamu. Lakini mtoto huyohuyo akishikwa na kiu hasemi "maji". Haliangalii jagi kisha akamgeukia mama. Anamshika mama mkono, anamkokota mpaka kwenye friji, anaubandika ule mkono kwenye mlango na kusubiri, macho yote yakiwa kwenye mlango. Mwite jina lake mara tano, hageuki. Karatasi ya biskuti ikichakarika chumba cha pili, amekwishafika.

Watoto wa namna hii wapo Mbezi na wapo Mbagala, kwa wenye magari na kwa wapanda daladala. Na kinachosemwa juu yao ni kilekile: ana akili sana, ila kuongea bado. Hapo ndipo ninapotofautiana na wageni wetu wapiga makofi. Tukimtazama mtoto mdogo, akili yetu yote huwa kwenye ulimi. Ameanza kusema? Anasema nini? Mbona wa jirani anasema? Wakati huohuo dalili nyingi za usonji hujionesha katika namna mtoto anavyowasiliana na watu miezi mingi kabla hajafikia umri wa kusema sentensi. Sisi tunaosubiri neno tunajikuta tumepoteza mwaka, miwili, wakati mwingine mitatu, tukiamini kwamba hakukuwa na cha kuona.

Usonji ni tofauti katika ukuaji wa ubongo inayoanza mapema, kwa kiasi kikubwa kabla mtoto hajazaliwa. Hujitokeza kwa ugumu wa kuwasiliana na kuhusiana na watu, pamoja na tabia za kurudiarudia na hisia kali au hafifu kupita kawaida kwa sauti, mguso, mwanga au ladha. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa nao. Marekani, ambako watoto hutafutwa kwa bidii, takwimu zilizotolewa Aprili 2025 zilionesha mtoto 1 kati ya 31 wenye umri wa miaka 8. Anayetafuta sana hupata wengi. Lakini chukua hata makadirio yale ya chini: shule ya msingi yenye wanafunzi 1,000 ingepaswa kuwa na wanane hivi. Muulize mwalimu mkuu wa mtaani kwenu hao wanane wako wapi. Baadhi wapo darasani wakichapwa kwa utundu. Wengine hawajawahi kuvuka geti la nyumbani.

Tuje kwenye kidole cha shahada. Karibu na mwaka wa kwanza mtoto huanza kunyoosha kidole, na anakinyoosha kwa sababu mbili ambazo ni vizuri mzazi azitenganishe. Ya kwanza ni kuomba: biskuti ziko juu ya kabati, anazitaka, anaonesha. Ya pili ni kukushirikisha. Bajaji nyekundu imepita mbele ya baraza. Mtoto anainyooshea kidole, anamgeukia bibi yake, anarudi kuitazama bajaji, anamgeukia tena bibi. Haiombi ile bajaji. Anachotaka ni bibi naye aione. Kitendo hicho cha sekunde tatu hakina neno hata moja, na bado ni mazungumzo kamili: mimi, wewe, na kile pale. Mtoto aliyefika miezi 18 bila kuonesha vitu kwa namna hii anahitaji kuangaliwa na mtaalamu, hata kama anatamka maneno kumi.

Wataalamu wanalijua hili vizuri. Kuna hojaji inayotumika katika nchi nyingi kuwachuja watoto wa kati ya miezi 16 na 30, inaitwa M-CHAT-R. Ina maswali 20 ya ndiyo na hapana ambayo mzazi anayajibu mwenyewe. Swali la kwanza kabisa linauliza kama mtoto hutazama pale unaponyooshea kidole kitu kilicho upande wa pili wa chumba. Mawili mengine yanauliza kama yeye mwenyewe hunyoosha kidole, moja kuhusu kuomba na jingine kuhusu kuonesha. Yapo ya kuitika jina, ya kurudisha tabasamu, ya kuiga mtu anapopunga mkono, ya kukukazia macho usoni ili ajue umepokeaje jambo jipya. Katika maswali yote 20 hakuna hata moja linalouliza mtoto ana maneno mangapi. Hojaji hii haitoi jibu la mwisho. Kazi yake ni kusema nani apelekwe mbele. Lakini kule kunyamaza kwake juu ya maneno kunatueleza kuwa jicho letu limeelekezwa kusiko.

Mbali na kidole, mama anayekaa na mtoto kutwa ataona mengine. Kufikia miezi tisa hivi, mtoto akiitwa jina kwa kawaida hugeuka. Kufikia mwaka anapiga makofi ukimpigia, anapunga "bai bai", anacheka ukijifunika uso kwa kanga kisha ukajifunua. Karibu na mwaka na nusu anaanza kuigiza: anamfunga mdoli mgongoni, anapika mchanga kwenye kizibo na kukuonjesha. Mtoto mwenye usonji anaweza kukosa sehemu kubwa ya haya, na mahali pake pakawa na mambo yanayojirudia. Gari la kuchezea analipindua na kuzungusha tairi muda mrefu, uso ameusogeza karibu kabisa. Ndala za wageni anazipanga mstari mmoja mlangoni, na ukichukua yako ili uondoke kilio chake utakisikia mpaka barabarani. Anapepesa mikono akifurahi. Anatembea kwa ncha za vidole. Anaziba masikio blenda ikiwashwa. Kwa kinyozi ndiyo usiseme: ile mashine ikinguruma karibu na sikio, watu wazima watatu hawamtulizi, na kinyozi anaishia kumwambia baba, "Bosi, mlete akikua." Kula nako kuna sheria zake. Wali bila mchuzi, chipsi za duka lilelile, na mchuzi ukigusa wali sahani nzima inakataliwa.

Hakuna dalili moja inayotosha. Watoto wengi hupanga vitu, wengi hukataa mboga, wengi huogopa kinyozi. Kinachopaswa kukushtua ni mkusanyiko, na zaidi ya mkusanyiko, ni kile ambacho hakipo: hakuonesha, hakugeuka, hakukutafuta kwa macho. Nikiri pia kwamba vipimo hivi vilitungwa kwingine na havikai sawasawa kila mahali. Kwetu mtoto hufundishwa asimkodolee macho mkubwa, na kumnyooshea mtu kidole ni utovu wa adabu. Hoja hiyo ina uzito kwa mtoto wa miaka sita. Kwa mtoto wa miezi kumi aliye kwenye ziwa haina uzito wowote, kwa sababu hajafundishwa heshima bado na macho yake yangetakiwa yapande yenyewe usoni kwa mama.

Wasichana hutupita zaidi. Kwa hesabu zinazojulikana, wavulana wenye usonji ni zaidi ya mara tatu ya wasichana, lakini sehemu ya tofauti hiyo ni sisi wenyewe. Mvulana asiyecheza na wenzake anaitwa ana tatizo. Msichana asiyecheza na wenzake anaitwa mpole, na anasifiwa.

Kuna jambo moja ambalo halisubiri mwezi ujao: mtoto kupoteza alichokuwa nacho. Alikuwa anasema "baba", "nyonyo", "taa", alikuwa anapunga mkono, kisha kati ya mwaka na miaka miwili vikayeyuka kimoja kimoja. Tafiti zinaonesha kuwa takriban theluthi ya watoto wenye usonji hupitia hali hii. Mama anaiona, anasema, anaambiwa labda meno yanaota. Huyo apelekwe hospitali mara moja, kwa sababu zipo pia sababu nyingine za kurudi nyuma, kifafa kikiwemo, na zinahitaji daktari.

Sasa zile faraja. "Atasema tu." "Watoto wa kiume huchelewa." "Hata baba yake alisema na miaka minne, na sasa hivi hebu mnyamazishe." Sizidharau, maana zinatoka kwa watu wanaotupenda, na zina chembe ya ukweli. Wavulana kwa wastani huchelewa kidogo kuliko wasichana, na wapo watoto wanaochelewa kusema kisha wakawafikia wenzao bila msaada wowote. Lakini mtoto anayechelewa ulimi peke yake kwa kawaida anaongea kwa mwili mzima. Ananyoosha kidole, anakuvuta gauni huku anakutazama usoni, anakuletea kiatu akitaka mtoke, ukimwambia "kamwite dada" anakwenda kumwita. Bibi anayesema "atasema tu" aulizwe kwa adabu: je, bibi, akitaka kitu anakwambiaje? Jibu la swali hilo lina habari nyingi kuliko hesabu ya maneno.

Kuna faraja za hatari zaidi, zile zenye wembe. Mtoto asiyesema hutazamwa chini ya ulimi, anaambiwa ana udata, au hutazamwa kooni, anaambiwa kimeo kimerefuka. Udata upo kweli, na ukiwa mkubwa unaweza kuharibu unyonyaji na matamshi ya baadhi ya sauti. Lakini udata haumzuii mtoto kunyoosha kidole. Haumzuii kugeuka akiitwa. Kimeo nacho hakina uhusiano wowote na kujua kwamba mama yupo chumbani, na kukikata mtaani kumewaletea watoto kutokwa damu nyingi na maambukizi. Kama tatizo ni mawasiliano yote, ulimi hauna hatia.

Faraja nyingine ni ya kisasa: "Ni TV hiyo, mzimie." Mzimie, ndiyo, nakubaliana. Mtoto wa mwaka mmoja anayekaa na katuni tangu dada wa kazi anapoanza kufua mpaka wazazi wanaporudi anakosa nyuso za watu, na mawasiliano yake yanaweza kudumaa. Wengine wakiondolewa skrini wanachanua ndani ya miezi michache. Hao huenda hawakuwa na usonji. Skrini haijathibitika kuusababisha, na mzazi aliyezima TV kwa miezi mitatu bila kuona badiliko asiendelee kusubiri eti dawa haijaingia. Vivyo hivyo kwa lugha. Wazazi wanaambiwa waache Kichaga au Kihaya nyumbani, wabaki na Kiswahili, au wabaki na Kiingereza, eti mtoto anachanganywa. Watoto wenye usonji wanaokulia katika lugha mbili hawajaonekana kuwa nyuma ya wenzao wa lugha moja. Bibi anayejua kubembeleza kwa Kichaga tu abembeleze kwa Kichaga.

Faraja ikishindwa huja lawama, na lawama ina anwani moja: mama. Utafiti uliofanyika pwani ya Kenya na kuchapishwa 2015 uliwasikiliza wazazi na wataalamu wa eneo hilo. Watu walitaja pepo wabaya, uchawi na laana sambamba na matatizo ya kuzaliwa, malaria na urithi, na familia zilikuwa zinakwenda kwa mganga, kwenye maombi na hospitalini kwa pamoja. Msomaji wa mjini atatikisa kichwa. Asiwahi. Katikati ya karne iliyopita, huko Marekani, watu wenye shahada walisema jambo lililo karibu na hilo. Leo Kanner, daktari wa Baltimore aliyeeleza watoto 11 wa kwanza katika makala yake ya 1943, aliandika baadaye juu ya wazazi baridi wasio na upendo, na Bruno Bettelheim wa Chicago akalikuza wazo hilo hadi likawa fundisho: mama ndiye aliyemgandisha mtoto. Mwaka 1964 Bernard Rimland, mwanasaikolojia ambaye mwenyewe alikuwa baba wa mtoto mwenye usonji, aliandika kitabu kilichoanza kulibomoa. Mama wa Kilifi aliyeambiwa amevunja mwiko na mama wa Chicago aliyeambiwa ana moyo wa barafu walikuwa wamekaa benchi moja.

Leo lawama inakuja kwa WhatsApp. Chanjo kwanza. Mwaka 1998 Andrew Wakefield alichapisha makala kuhusu watoto 12, akihusisha chanjo ya surua na usonji. Jarida la Lancet liliifuta Februari 2010, naye akaondolewa kwenye orodha ya madaktari wa Uingereza mwaka huohuo. Denmark wakaja kufuatilia watoto 657,461 na kuchapisha matokeo 2019: waliochanjwa hawakuwa na usonji zaidi ya wasiochanjwa. Uvumi una mizizi kwa sababu ya kalenda tu. Dozi ya pili ya surua na rubella hutolewa katika miezi 18, na huo ndio umri ambao mzazi anaanza kuona kuwa kuna kitu. Kisha Septemba 2025 Rais Donald Trump akawaambia wajawazito wakae mbali na paracetamol, na kabla siku haijaisha kuna mama hapa kwetu aliyekuwa anakumbuka kila Panadol aliyoimeza akiwa na mimba. Shirika la Afya Duniani lilijibu kwamba ushahidi uliopo hauthibitishi uhusiano huo. Utafiti wa Sweden uliochapishwa 2024, wenye watoto karibu milioni 2.5, ulipolinganisha ndugu wa tumbo moja haukuona uhusiano. Urithi wa vinasaba una nafasi kubwa kuliko kidonge chochote: familia iliyokwisha kupata mtoto mmoja mwenye usonji, mdogo wake ana uwezekano wa takriban 1 kati ya 5. Hiyo ndiyo taarifa ambayo ingefaa isambazwe kwenye makundi, kwa sababu ina kazi. Mdogo mtu aangaliwe mapema.

Unakwenda wapi basi? Kwa Tanzania, unaanza na kituo cha afya kilicho karibu na kuomba rufaa, na kinachosumbua ni lugha ya kuombea. Mama akisema "hasemi", atajibiwa "atasema". Aseme hivi: "Dokta, ana miezi ishirini, akiitwa jina hageuki, hanyooshi kidole, na haigizi chochote." Sentensi hiyo ni ngumu kuipuuza. Na achukue video kwenye simu: akiitwa jina, akicheza peke yake, akiwa na mtoto mwingine, akila. Mtoto anayelala usingizi mzito kwenye foleni au anayelia tangu getini hawezi kumwonesha daktari chochote, lakini video inaweza.

Cha kwanza kipimwe masikio. Mtoto asiyegeuka akiitwa anaweza kuwa hasikii, na wa karatasi ya biskuti naye apimwe tu, kwa sababu usikivu unaweza kupungua kwa baadhi ya sauti na si nyingine. Usonji wenyewe hauonekani kwenye damu wala kwenye picha ya ubongo. Hutambuliwa kwa kumtazama mtoto kwa utulivu na kumsikiliza mlezi. Nawaonea huruma wazazi waliouza kitu ili walipie CT scan, wakaambiwa ubongo uko salama, wakarudi nyumbani wakishangilia. Kama hakuna degedege wala dalili nyingine ya mishipa ya fahamu, picha hiyo mara nyingi haibadilishi lolote.

Dar es Salaam, Muhimbili na CCBRT wana huduma zinazowahusu watoto hawa. Moshi kuna KCMC, ambako wataalamu wa tiba kwa vitendo wamekuwa wakifundishwa kwa miaka mingi, na kituo cha Gabriella kinachowapokea watoto wenye ulemavu pamoja na wazazi wao. Shule ya Msingi Msimbazi Mseto ina kitengo cha wanafunzi wenye usonji, na chama cha kitaifa cha watu wenye usonji, NAP-T, pamoja na Lukiza Autism Foundation huwakutanisha wazazi. Kenya wana kitu ninachokionea wivu: vituo vya serikali vya kuwapima watoto kwa ajili ya elimu, EARC, vilivyoanzishwa 1984, ambavyo mzazi anaweza kwenda na kuelekezwa shule, kwa mfano kitengo cha City Primary jijini Nairobi. Orodha hii, kama unavyoona, inajaa mijini. Mzazi wa Katavi anaisoma kwa jicho jingine kabisa.

Kwa ajili ya huyo wa Katavi, na hata kwa wa Kinondoni aliyepangiwa tarehe ya miezi minne ijayo, nasisitiza hili: msaada hausubiri cheti cha daktari. Shirika la Afya Duniani lina mafunzo ya bure ya walezi wa watoto wa miaka 2 hadi 9, vikao tisa vya kikundi na matembezi matatu ya nyumbani, na yameandaliwa yaweze kutolewa na watu wasio madaktari. Msingi wake hauhitaji vifaa. Kaa chini, uso wako uwe usawa wa uso wake. Akizungusha tairi, zungusha lako kando yake badala ya kumnyang'anya. Sema maneno machache, ya kile anachokiangalia: "tairi", "linazunguka". Kisha mtengenezee sababu ya kukutafuta. Mpe robo ya chapati, iliyobaki ishike karibu na uso wako, nyamaza, subiri. Akikutupia jicho, akigusa mkono wako, akitoa sauti yoyote, mpe papo hapo kana kwamba amesema sentensi. Dada wa kazi afundishwe hayohayo, maana ndiye anayeshinda naye. Kama anashindwa kutamka, mtengenezee picha za kikombe, choo, mpira, aonyeshe anachotaka. Wazazi huogopa kwamba picha zitamfanya mvivu wa kusema. Hazimfanyi hivyo.

Na kusema kunaweza kuja kwa kuchelewa. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2013 uliwaangalia watoto 535 wenye usonji ambao walipofika miaka minne hawakuwa na lugha ya maana. Kufikia miaka minane, asilimia 70 walikuwa wanaunganisha maneno, na asilimia 47 walikuwa wanaongea kwa ufasaha. Sitaji namba hizi ili turudi kwenye "atasema tu". Nazitaja kwa ajili ya mzazi wa mtoto wa miaka mitano aliyeambiwa kwamba amechelewa na bora akate tamaa. Hajachelewa kiasi hicho. Na wapo ambao hawatasema, na maisha yao bado ni ya kupangwa, kufundishwa na kufurahiwa.

Yule mtoto wa kwanza katika orodha ya Kanner, Donald Triplett wa mji mdogo wa Forest, Mississippi, aliwekwa kwenye taasisi akiwa na miaka mitatu hivi, kisha wazazi wakamrudisha nyumbani. Alisoma mpaka chuo, akafanya kazi benki, akacheza gofu, akasafiri nchi nyingi, akafariki Juni 2023 akiwa na miaka 89. Ni kweli kwamba benki ilikuwa ya familia yao, na kazi hupatikana kirahisi ukiwa na benki. Lakini mji mzima ulimzoea, na hilo halikununuliwa.

Wasio na benki wanauziwa matumaini ya chupa. Kwenye makundi ya wazazi zimejaa dawa za kusafisha sumu mwilini, virutubisho vya mamia ya maelfu ya shilingi, hata klorini iliyobadilishwa jina. Hakuna dawa inayoondoa usonji. Zipo dawa za kutuliza kifafa, usingizi mbaya au hasira za kujiumiza, na hizo huandikwa na daktari. Anayekuhakikishia kupona ndani ya siku 90 anajua vizuri kwamba siku ya 91 hutamwona.

Nimalizie na pale watoto wetu karibu wote wanapopita: kliniki. Mtoto anavuliwa nguo, anatundikwa kwenye mizani, nesi anaita kilo, kadi inawekwa nukta, chanjo, matone ya vitamini A, "mwingine!" Hata pale kadi inapokuwa na sehemu ya hatua za makuzi, foleni haimruhusu mtu kuisoma. Tanzania ilizindua Desemba 2021 programu jumuishi ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, ya miaka mitano hadi 2025/26, na kwenye karatasi ilikuwa nzuri. Inayofuata ningependa iwe na kitu kidogo kinachopimika: katika ziara za miezi 9 na 18, ambazo tayari zipo kwa ajili ya surua na rubella, nesi aulize maswali matatu. Akiitwa jina anageuka? Anakuonesha vitu kwa kidole? Kuna kitu alikuwa anafanya akaacha? La kidole lina maana zaidi katika ziara ya pili. Yote ni dakika moja.

Wauguzi watasema, na wana haki, kwamba kuuliza bila pa kumpeleka mtoto ni ukatili. Ndiyo maana maswali yaende pamoja na yale mafunzo ya walezi, na wa kuyatoa tunao: wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao mpango wao wa kitaifa ulizinduliwa mwanzoni mwa 2024. Wanaingia nyumbani, wanajua nani ana mtoto wa umri gani, na hawana foleni ya mizani. Wafundishwe vikao vile tisa. Waanze na watoto wa miezi 24, kwa sababu umri huo hauna chanjo ya ratiba inayomsubiri mtoto, mama huona hana tena sababu ya kuja kliniki, na mara nyingi mtu wa kwanza atakayegundua kitu atakuwa mwalimu wa chekechea.